Grinda, Msumeno au Makasi? Kuchagua Mashine ya Mkono ya Kukatia Chuma Nyumbani

Mtu wa Migosi au Nyamasaria, hapa Kisumu, anayetaka kujitengenezea mlango wa banda la kuku, badala ya kuuagiza kwa mafundi wa jua kali pale Kibuye, kwa kawaida huingia dukani na swali moja: mashine ipi ina nguvu? Muuzaji humtolea grinda, humtajia wati zake, na biashara inaishia hapo. Wiki inayofuata mtu huyo anakata mabati ya rangi kwa grinda ile ile, na kabla mvua ndefu hazijaisha kingo za mabati zimeshapiga kutu. Mashine haikuwa mbovu. Haikufaa kazi ile, basi.

Makala haya ni ya mtu huyo: mwenye karakana ndogo nyuma ya nyumba, stima ya kawaida, na mfuko usioruhusu kununua mara mbili. Hoja yangu ni kwamba uchaguzi hauanzi na mashine, unaanza na chuma. Kina unene gani? Kimepakwa nini? Na cheche zikiruka zitaangukia wapi? Ukishayajibu hayo matatu, mashine za kuchagua hubaki mbili, mara nyingi moja.

Kusaga, kukwangua, kukata

Mashine za mkono za kukatia chuma zina majina mengi, lakini zote hufanya moja kati ya kazi tatu. Kuna inayosaga, nayo ni grinda na diski yake. Kuna zinazokwangua kwa meno: jigso, msumeno wa kwenda na kurudi, msumeno wa mkanda na msumeno wa duara. Halafu kuna zinazokata kwa makali yanayopishana, yaani makasi ya umeme na ndugu yake anayeitwa nibla.

Tofauti ya kusaga na kukwangua ndiyo inayowachanganya wengi, na inafaa kuielewa vizuri kwa sababu hatari nyingi zinatoka hapo. Diski ya kukatia chuma ni chembe ngumu za oksidi ya alumini zilizogandishwa kwa resini na kushikiliwa na wavu wa nyuzi za kioo. Kila chembe inatoa chuma kidogo sana. Ikichakaa inang'oka, na nyingine yenye ncha inajitokeza. Chembe hizo haziogopi joto, kwa hivyo zinaruhusiwa kukimbia. Grinda ndogo huzunguka mara 11,000 hivi kwa dakika, na kwa kasi hiyo ukingo wa diski ya milimita 115 unapita juu ya chuma kwa mita 66 kwa sekunde, sawa na kilomita 238 kwa saa.

Jino la msumeno ni kitu kingine kabisa. Ni chuma kigumu kinachokata chuma laini zaidi, na ugumu wake unapotea kikipata moto kupita kiasi. Jino la aina inayoandikwa HSS hukata chuma cha kawaida vizuri kwa mwendo wa mita 30 hivi kwa dakika. Kwa dakika, si kwa sekunde. Diski inakwenda zaidi ya mara mia moja ya mwendo huo.

Kwa hivyo jigso iliyoachwa kwenye kasi ya mbao itaunguza meno kabla haijafika katikati ya bamba. Na kwa sababu hiyo hiyo bleidi ya meno ya kukatia mbao haipaswi kufungwa kwenye grinda hata siku moja. Nimeona ikifanywa na maseremala na mafundi wa chuma pia, mara nyingi kinga, lile bati linalofunika diski, ikiwa imeshatolewa ili bleidi itoshe. Bleidi hiyo haikutengenezwa kwa mizunguko 11,000. Jino moja likikwama, grinda nzima inaruka kutoka mkononi na kuelekea pajani au shingoni, na hakuna mkono wenye kasi ya kuizuia.

Grinda, na diski iliyo muhimu kuliko mota

Grinda huuzwa kwa ukubwa wa diski: milimita 115, 125, 180 na 230, ambazo dukani huitwa nne na nusu, tano, saba na tisa. Kwa karakana ya nyumbani ningenunua ya 115 au 125, ya wati kati ya 700 na 1,000. Ile ya tisa inavutia macho, ina wati 2,000 na zaidi, lakini ni nzito, inachosha mikono, na mkono uliochoka ndio unaoipinda diski ndani ya mkato. Iache kwa anayekata reli na bamba nene kutwa nzima.

Kinachoamua ubora wa mkato ni diski. Ukienda kuinunua, utaulizwa, "Ya chuma ama ya mawe, boss?" Swali hilo ni la maana. Kwenye lebo, herufi A huonyesha oksidi ya alumini, ya chuma. Herufi C huonyesha kabidi ya silikoni, inayotumika kwenye mawe na saruji. Ya mawe ukiipeleka kwenye chuma inaisha haraka bila kukata cha maana.

Kisha tazama unene. Diski ya milimita 1 inakata tyubu na engo nyepesi kama inavyotakiwa: inatoa chuma kidogo, joto linakuwa kidogo, na mota haichoki. Ya milimita 2.5 inatoa chuma mara mbili na nusu kwa urefu ule ule wa mkato, kwa hivyo grinda ndogo inanguruma na chuma kinabadilika rangi kuwa buluu. Lakini ile nyembamba haivumilii kupindwa. Ukitaka kulainisha kiungo cha weldi, funga diski ya kusagia ya milimita 6. Kusaga kwa ubavu wa diski ya milimita 1 ni kuivunja ikiwa inazunguka.

Namba ya tatu ni mizunguko ya juu kabisa inayoruhusiwa. Diski nyingi zimewekewa kikomo cha mita 80 kwa sekunde kwenye ukingo, na ndiyo maana diski ya 115 huandikwa karibu 13,300 na ya 230 karibu 6,650. Tundu la katikati ni lile lile kwa zote mbili, milimita 22.23, kwa hivyo hakuna kinachomzuia mtu kuchukua diski kubwa akaifunga kwenye grinda ndogo isipokuwa kinga. Naye akitoa kinga, diski mpya ya 230 itazungushwa 11,000 na ukingo wake utafika mita 132 kwa sekunde. Nguvu inayojaribu kuipasua inakua kwa mraba wa kasi, yaani itakuwa karibu mara 2.7 ya ile iliyopimiwa. Hapo mtu ameshika bomu.

Namba ya nne wengi hawaijui, na kwa sisi tunaoishi karibu na ziwa ina uzito wa pekee. Kwenye pete ndogo ya chuma katikati ya diski kumegongwa mwezi na mwaka. Hiyo ni tarehe ya mwisho wa matumizi, kwa kawaida miaka 3 tangu diski itengenezwe. Resini hunyonya unyevu na kudhoofika pole pole. Diski iliyoning'inizwa kwenye msumari mlangoni mwa duka, ikipigwa na hewa ya Kisumu na mvua za alasiri, haina nguvu ya ile iliyokaa ndani ya boksi kavu. Nyumbani ziweke kwenye mkebe wenye kifuniko, zikiwa zimelala, bila kitu kizito juu. Iliyoanguka sakafuni ikapata ufa, vunja utupe, ili mtoto au mfanyakazi asije akaiokota.

Sasa tuchukue tyubu ya mraba ya inchi moja kwa inchi moja, ndiyo inayotumika kwenye milango na madirisha mengi. Ya geji 18 ina ukuta wa milimita 1.2 hivi, ya geji 16 karibu 1.6, kumbuka geji ikipanda, chuma kinapungua unene. Piga mstari kwa mraba pande zote nne, si upande mmoja. Ifunge kwenye vaisi huku kipande kitakachoanguka kikining'inia bure. Pitisha diski kidogo kwenye mstari wa kwanza uchore mfereji, kisha ukate ukuta huo peke yake. Geuza tyubu, kata ukuta wa pili, na hivyo hivyo hadi wa nne. Diski ya 115 inaweza kuzama milimita 30 hivi, kwa hivyo ingeweza kupita tyubu yote kwa mara moja, lakini mkato huo hupinda na mraba hautakaa sawa utakapochomelea. Kukata ukuta mmoja mmoja kunaongeza muda mchache tu.

Kwa nini kipande kining'inie? Kwa sababu chuma kikiegemezwa ncha zote mbili na kukatwa katikati, kinajipinda kuelekea chini mkato unapokaribia kuisha, na kingo zinaibana diski kwa juu. Diski iliyobanwa hugeuza nguvu yote ya mota kuwa teke. Egemeza kazi yako ili mkato uzidi kufunguka. Shika mashine kwa mikono miwili, mpini wa pembeni ukiwa umefungwa, na simama kando ya mstari wa diski, wala si nyuma yake. Kinga ibaki mahali pake. Najua ukipita karakana nyingi kuanzia Kondele hadi Nakuru utakuta grinda zisizo na kinga na mafundi wanaofanya kazi haraka na vizuri. Hilo halibadilishi njia ambayo kipande cha diski iliyopasuka hufuata.

Mahali grinda inapofeli

Mabati ya paa ndiyo mfano ulio wazi. Unene wake ni chini ya nusu milimita, na kinachoyalinda si chuma chenyewe bali tabaka la zinki na rangi juu yake. Zinki huyeyuka kwenye nyuzi 419 za Selsiasi, joto dogo sana mbele ya diski. Kwa hivyo ukingo unabaki uchi kwa upana unaozidi mkato wenyewe. Baya zaidi ni cheche: kila moja ni chembe ya chuma inayowaka, na ikitua juu ya rangi inajichomeka humo. Mvua ya kwanza inazigeuza chembe hizo kuwa vidoa vya kutu, na paa jipya linaonekana la miaka kumi. Cheche hizo huacha alama kwenye vioo vya madirisha na vya gari pia, na hazifutiki kwa sabuni.

Alumini ni kisa cha pili. Ni laini, na inajaza nafasi kati ya chembe za diski ya kawaida hadi diski inakuwa laini kama kioo, inasugua bila kukata na kupata moto. Kwa alumini tumia meno, na pakaa mshumaa kidogo kwenye bleidi ili chuma kisigande humo.

Chuma kisichoshika kutu kinakatika kwa grinda, ila diski yake iwe imeandikwa INOX, maana hizo hutengenezwa bila madini ya chuma, salfa wala klorini. Diski au brashi iliyotumika kwenye chuma cha kawaida itaacha chembe juu yake, na utaona kutu kwenye kitu ulicholipia kisishike kutu.

Kuhusu chuma chenye zinki nene, kama mabomba ya maji, kata nje penye upepo. Mvuke wa zinki ukivutwa kwa wingi, hasa wakati wa kuchomelea, huleta homa saa chache baadaye, pamoja na kutetemeka na maumivu ya viungo. Huku kwetu mtu atadhani ni malaria na kumeza dawa isiyomhusu.

Makasi na nibla

Kwa mabati bapa, makasi ya umeme ndiyo dawa. Hayatoi cheche, hayaunguzi rangi, na mengi yanaweza chuma cha kawaida hadi milimita 1.6 hivi. Kwa mabati yenye mikunjo, nibla inayashinda makasi, kwa sababu inafuata mawimbi na kona bila kuyabana. Inadonoa bati kwa ngumi ndogo na kutoa vipande vilivyopinda kama mwezi mchanga. Vipande hivyo ni vikali mno. Tandika turubai chini kabla ya kuanza, maana vikiingia kwenye majani ya uani, vitaishia kwenye nyayo za watoto au tumboni mwa kuku.

Ipo nibla inayofungwa kwenye drili. Kwa mtu anayeezeka nyumba moja na choo chake, hiyo inatosha, na bei yake ni sehemu ndogo tu ya mashine kamili. Na kwa mikato michache kabisa, makasi ya mkono ya bati bado yanafanya kazi safi kuliko grinda yoyote.

Misumeno ya meno

Hapa kuna kanuni moja ya kushika: angalau meno mawili, na bora matatu, yawe ndani ya unene wa chuma wakati wote. Jino likiwa peke yake linaangukia ukingoni na kung'oka. Bleidi ya meno 24 kwa inchi ina nafasi ya milimita 1.06 kati ya jino na jino, kwa hivyo meno matatu yanataka chuma cha milimita 3. Bleidi ya meno 14 ina nafasi ya 1.8, inafaa bamba la milimita 5 kwenda juu.

Rudi sasa kwenye ile tyubu ya ukuta wa milimita 1.2. Hata bleidi ya meno 24 ina jino moja tu ndani ya ukuta. Ndiyo maana msumeno wa kwenda na kurudi huitetemesha tyubu nyembamba, hung'oa meno na kuacha mkato uliochanika. Mashine hiyo ni ya kubomoa: bolti zilizoganda, mabomba ya zamani ukutani, nondo mahali ambapo grinda haiingii. Ukiitumia, bonyeza kiatu chake, lile bamba la mbele linalozunguka bleidi, dhidi ya chuma muda wote.

Jigso ni nzuri kuliko inavyosifiwa. Kwa bamba la milimita 1 hadi 6 inakata mistari ya kupinda ambayo diski haiwezi, mathalani tundu la duara la kukalisha sufuria kwenye jiko. Weka bleidi ya chuma, zima ule mwendo wa kubembea unaotumika kwenye mbao, punguza kasi, na tia tone la mafuta kwenye mstari. Bamba jembamba likicheza, lifunge kwa klampu juu ya plaiwudi ukate vyote viwili pamoja. Mbao inaishika na ukingo unatoka safi.

Msumeno wa mkanda wa mkono ndio ningeutamani zaidi kama pesa si tatizo. Mkanda wake unakwenda upande mmoja bila kurudi, kwa mwendo wa polepole, bila cheche, karibu bila joto, na mkato unatoka mnyoofu kiasi cha kuhitaji tupa mara moja tu. Mdogo unameza milimita 63 hivi, mkubwa karibu 127. Lakini bei yake ni mara kadhaa ya grinda ndogo, na kabla ya kulipa uliza kama mikanda ya urefu ule inapatikana hapa mjini. Mashine isiyo na bleidi ya kubadilisha ni mapambo.

Msumeno wa duara wa chuma una bleidi ya ncha za kabidi na huzunguka taratibu kuliko wa mbao: wenye bleidi ya milimita 185 huwa karibu 3,500 hadi 3,900 kwa dakika, ilhali wa mbao huzidi 5,000. Usijaribu kuokoa pesa kwa kufunga bleidi ya chuma kwenye ule wa mbao. Unakata bamba refu kwa mstari mnyoofu vizuri sana, lakini mwenye karakana ya nyumbani hukutana na kazi hiyo mara chache.

Stima na betri

Soketi ya nyumbani ya ampea 13 kwa volti 240 inatoa wati 3,120, kwa hivyo grinda ndogo haiisumbui. Tatizo huwa ekstensheni. Waya mwembamba na mrefu unapunguza volti, mota inavuta ampea zaidi, na inaungua ndani kwa ndani huku ukidhani ni mbovu. Kwa grinda ndogo tumia waya wa milimita mraba 1.5, na kama umezungushwa kwenye roli, ufungue wote. Ardhi ikiwa imelowa, simama juu ya mbao kavu ukiwa na viatu vya mpira, na saketi iwe na swichi ya kukata umeme unapovuja.

Grinda ya betri inafaa penye shamba lisilo na stima, ila fanya hesabu kwanza. Betri ya volti 18 na ampea-saa 4 ina wati-saa 72. Grinda ikivuta wati 700 mfululizo, hizo ni dakika 6. Nibla na msumeno wa mkanda hutumia umeme mchache kuliko grinda kwa kila mkato, kwa hivyo betri huzifaa zaidi.

Kabla ya kukata, tazama kilichoko karibu

Cheche za grinda huruka mita kadhaa. Nyasi kavu, magunia, pikipiki iliyoegeshwa na tangi lake, vyote visogezwe. Vaa miwani inayofunika pembeni, ziba masikio, na vua leso, shuka au shati linalopepea.

Kuhusu mapipa: watu wengi hukata pipa la mafuta nusu kwa nusu kutengeneza jiko la kuchoma nyama au hori la ng'ombe. Pipa tupu la petroli au dizeli ni hatari kuliko lililojaa, kwa sababu mvuke uliobaki umechanganyika na hewa na unangoja cheche moja. Kulisuuza kwa maji tu hakuondoi mvuke unaotoka kwenye mishono na kutu. Nunua pipa lililobeba kitu kisichowaka, au mwachie kazi hiyo mwenye kujua kulisafisha kwa mvuke na kulijaza maji hadi karibu na mstari wa mkato.

Utaratibu wa kununua

Ningeanza na grinda ya 115 au 125, diski kumi za milimita 1, vaisi nzito na miwani. Vaisi si anasa. Nusu ya ubora wa mkato ni chuma kutosogea. Cha pili kingetegemea kazi: nibla ya drili kama kuna mabati, jigso kama kuna bamba na alumini. Msumeno wa mkanda ungengoja hadi kazi ianze kujilipia.

Ukinunua grinda ya mkono wa pili, ichomoe kwenye stima kwanza, kisha shika ekseli uitikise kwa pembeni. Ikicheza, beringi zimekwisha. Bonyeza kitufe cha kufungia ekseli uone kama kinashika. Iwashe na utazame kwenye matundu ya hewa: cheche ndogo za buluu ni za kawaida, moto mkubwa unaozunguka unaonyesha kaboni zimeisha au mota imeumia. Tazama pia kama swichi inarudi yenyewe ukiiachia. Muuzaji akisema kinga ilipotea, ulizia ya modeli ile ile kabla hujatoa pesa, na isipopatikana, iache hiyo grinda utafute nyingine.